Nini Kilikufa? Habari ya Neno "Revival"

  Leo sitaweka mstari mmoja na maombi mafupi kama ilivyo kawaida yetu ya asubuhi. Nina habari ndefu. Mimina chai kwanza.

Wiki iliyopita vijana wetu walileta bango kutoka kwa mchapishaji pale mjini. Bango zuri, kubwa, rangi zinawaka. Juu limeandikwa "New Year Revival", siku saba, mhubiri mgeni, na picha yangu nikiwa na suti ambayo siku hizi hainitoshi. Tukalikunjua uwanjani ili tuone litafungwa wapi. Kukhu mmoja wa kanisa letu, wale waliokuwa hapa kabla sijaja mimi, akasimama akalisoma polepole, herufi kwa herufi. Kisha akaniuliza, "Pasita mwanangu, hilo neno la mwisho lina maana gani?"

Nikamjibu haraka kwamba ni mwanzo mpya. Mwaka mpya, mambo mapya.

Akatikisa kichwa. "Mwanzo mpya ni new beginning. Hilo mjukuu wangu alinifundisha. Mimi nauliza hili."

Nikamwambia basi ni kufufua, ni kuhuisha, ni kukifanya kitu kiishi tena.

"Ahaa," akasema. "Sasa nini kilikufa?"

Vijana walicheka, na mimi nikacheka nao. Lakini usiku nilikaa macho. Nimekuwa mchungaji miaka mingi, nimehubiri mikutano ya namna hii sijui mingapi, na sijawahi kuulizwa swali hilo. Mbaya zaidi, mimi mwenyewe sijawahi kujiuliza. Basi nikaanza kulifuatilia neno lenyewe, lilizaliwa wapi na lilitufikiaje huku kwetu. Niliyoyapata ndiyo haya.

Neno hilo asili yake ni Kilatini. Lina vipande viwili. "Re" ni kurudia, kufanya tena. "Vivere" ni kuishi. Ukiviunganisha unapata "kuishi tena". Wafaransa walilitumia, kisha Waingereza wakalichukua katika miaka ya 1400, na mwanzoni halikuwa neno la kanisa hata kidogo. Lilikuwa neno la mgonjwa. Mtu amezimia, amepoteza fahamu, halafu anarudiwa na pumzi: huyo kwa Kiingereza ame-"revive". Ndiyo maana jibu langu la kwanza kwa Kukhu lilikuwa na kasoro. Mtoto anayezaliwa ana mwanzo mpya, lakini hakuna anayesema amehuishwa, kwa sababu hakuwa ameishi. Neno hili linamhusu aliyekuwa hai, akapotewa na uhai, kisha akarudi. Lina sehemu tatu. Sisi tunaposhangilia huwa tunaitaja ya tatu tu.

Wakulima wa miwa mtanielewa upesi kuliko wengine. Ukikata muwa wa kwanza, huchimbui shina. Unaacha mizizi ardhini, na baada ya muda inachipua mazao ya pili, yale mnayoyaita ratuni. Hukupanda upya. Mbegu ni ile ile, shina ni lile lile, na kama mizizi ilikuwa imeoza hupati kitu hata ukimwaga mbolea gunia kwa gunia. (Najua ratuni ya tatu na ya nne huwa dhaifu na mwishowe unalazimika kung'oa. Mfano wangu unaishia hapo, msiusukume mbele.)

Tena watu wa Kakamega tunalijua neno hili kwa uchungu wa aina nyingine. Kiwanda cha sukari cha Mumias kilianza kusaga miwa mwaka 1973, na kwa muda mrefu hakukuwa na kingine kikubwa kama hicho Kenya. Kililipa karo za shule za watoto wengi mnaosoma maneno haya. Kisha kikaanza kudhoofika, na Septemba 2019 kikawekwa chini ya mrasimu kwa sababu ya madeni. Mwishoni mwa 2021 kikakodishwa kwa mwekezaji mwingine. Katika miaka hiyo yote, ni jukwaa gani la siasa hapa kwetu ambalo hamkusikia "revival ya Mumias"? Kufufua Mumias, kufufua Mumias. Lakini ona jambo moja: hata mwanasiasa mwenye maneno matamu kuliko wote hangeweza kuitamka ahadi hiyo bila kukubali kwanza kwamba mashine zimenyamaza na mkulima hajalipwa. Neno lenyewe lilimlazimisha. Sisi wahubiri tumepata njia ya kulitumia bila kulazimika kukubali chochote.

Tuje kwenye Biblia, na hapa nilishangaa. Katika ile Biblia ya Kiingereza ya Mfalme James, ya mwaka 1611, jina "revival" halimo. Halimo hata mara moja. Kitendo kimo, "revive", lakini lile jina la mkutano tunaloandika kwenye mabango halimo. Kitendo hicho ndicho nabii Habakuki anakiomba katika sura ya 3, mstari wa 2, akimsihi Mungu juu ya kazi yake mwenyewe Mungu. Kimo pia katika Zaburi ya 85, mstari wa 6. Biblia yetu ya Union Version ya 1952 imetumia "fufua" pale kwa Habakuki, na "huisha" pale kwenye Zaburi. Kwa Kiebrania mzizi ni mmoja, ule wa uhai.

Na hapa Mswahili ana bahati ambayo Mwingereza hana. "Hai" na "uhai" tumevipata kutoka Kiarabu, na "huisha" ni wa ukoo huo huo. Kiarabu na Kiebrania ni ndugu. Kwa hiyo mama anayeomba pale Shinyalu "Bwana, tuhuishe" anautumia mzizi ule ule alioutumia nabii. Mwingereza amezunguka Roma na Ufaransa ndipo akafika. Sisi tumepitia pwani tu.

Tunalo neno la tatu vilevile, "uamsho", ambalo ndugu zetu wa Tanzania hulipenda kuliko sisi. Lakini angalieni tofauti. Anayeamshwa alikuwa amelala. Anayehuishwa alikuwa amepungukiwa na uhai. Anayefufuliwa alikuwa amekufa kabisa. Kiswahili kinampima mgonjwa kabla ya kumpa dawa, Kiingereza kinawaweka wote watatu katika wodi moja. Kwa hiyo swali la Kukhu ni la haki: sisi ni wodi gani?

Ezekieli sura ya 37 inatumia mzizi huo wa uhai tena na tena. Tunaipenda sura hiyo kwa sababu ya kelele ya mifupa ikikaribiana na upepo ukiingia. Nimeihubiri mara nyingi, na kila mara nimeruka mstari wa 2. Hapo, kabla ya unabii wowote, kabla ya upepo, Mungu anamzungusha nabii bondeni pande zote ili aione mifupa yenyewe: ni mingi, na imekauka sana. Alitembezwa kwanza. Sisi tungeanza na kwaya.

Kuna sehemu moja zaidi ambayo ilinitia hofu kidogo. Katika Warumi 7:9 Paulo anatumia kitendo hiki hiki, na Biblia ile ya Kiingereza inakiandika "revived", lakini kilichohuika hapo si kanisa. Ni dhambi. Amri ilipokuja, dhambi ikapata uhai na yeye Paulo akafa. Kumbe si kila kinachohuika ni cha kushangiliwa. Ugomvi wa zamani nao unaweza kuhuika. Ukabila unaweza kuhuika, na kila baada ya miaka mitano huwa tunauona.

Sasa hilo jina la mkutano lilitoka wapi? Katika miaka ya 1660 kule London, "revival" ilikuwa neno la watu wa maigizo. Majumba ya michezo ya kuigiza yalikuwa yamefungwa tangu 1642, yakafunguliwa tena 1660 mfalme aliporudi, na mchezo wa zamani ukirudishwa jukwaani ukaitwa hivyo. Sitasema zaidi. Mwenye masikio na asikie, hasa sisi tunaohubiri ujumbe ule ule wa mwaka juzi na machozi ya mahali pale pale.

Kanisani lilionekana mwaka 1702, katika kitabu cha mchungaji Cotton Mather wa Boston, Marekani. Wazee wa huko walikuwa na huzuni kwamba wajukuu wa wale waliovuka bahari kwa ajili ya imani walikuwa wamebaki na jina la imani tu. Miaka ya 1734 na 1735, katika mji mdogo wa Northampton, mchungaji Jonathan Edwards aliona watu wake wakiguswa mmoja mmoja, vijana kwa wazee. Aliandika habari hizo, na kitabu kikatoka 1737. Katika kichwa cha kitabu aliiita kazi hiyo ya kushangaza. Edwards hakuwa amekodi viti. Hakutangaza tarehe. Alikuta limetokea.

Baada ya karibu miaka mia akaja Charles Finney, mwanasheria aliyegeuka mhubiri. Mwaka 1835 alichapisha mihadhara yake juu ya "revival", na akafundisha kwamba si muujiza wa kungojewa bali ni matokeo ya kutumia vizuri njia ambazo Mungu ametupa, kama vile mkulima anavyotumia mbegu na mvua. Sitaki kumlaumu Finney. Watu wengi walimjia Yesu kupitia kwake, na alipinga utumwa waziwazi. Lakini tangu siku zake neno likahama taratibu. Likatoka kwenye kile Mungu anachokifanya, likaingia kwenye kile kamati inachokipanga. Likapata tarehe ya kuanza na tarehe ya kumalizika. Kutoka hapo hadi bango langu si mbali.

Haya yote ni ya ng'ambo. Swali ni kama jambo lenyewe, si neno, limewahi kutufikia. Limewahi, na si mbali. Ukipanda matatu hapa stendi ya Kakamega hadi Chavakali, ukachukua nyingine ya kwenda Kapsabet, utapita mahali penyewe. Ni Kaimosi.

Wamisionari watatu Wamarekani wa Kanisa la Marafiki, yaani Quakers, walifika Kaimosi mwaka 1902: Willis Hotchkiss, Edgar Hole na Arthur Chilson. Wakaanza kazi katika msitu, na hivi leo Kenya ina Quakers wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Siku hizo huku kwote kulikuwa wilaya moja ya North Kavirondo, na baadaye makao yake yakawa hapa Kakamega. Kwa hiyo ile ni historia ya nyumbani, hata kama leo kuna mpaka wa kaunti katikati.

Mwaka 1927 Chilson alikuwa akifundisha juu ya Roho Mtakatifu. Katika mikutano ya maombi jambo likatokea. Watu walianza kuungama dhambi zao kwa sauti, mbele ya wengine. Wakalia. Wakatetemeka. Wengine wakanena kwa lugha. Chilson mwenyewe hakukaa muda mrefu baada ya hapo, na miaka michache baadaye, 1934, alikwenda kuanzisha kazi ya Marafiki Burundi. Waliobaki, wamisionari pamoja na wazee Waafrika wa kanisa, wakaogopa. Waliona fujo. Wakakataza. Ambao hawakuweza kuacha wakasukumwa nje, wakaomba majumbani mwao, na humo yakazaliwa makanisa ya Roho ambayo mnayajua: African Church of the Holy Spirit, ambalo makao yake ni hapa hapa Kakamega, Holy Spirit Church of East Africa la Bukoyani, na mengine.

Ngojeni niwaambie kinachoniuma katika habari hii. Quakers waliitwaje jina hilo? Ni la kejeli. "Quake" ni kutetemeka. Mwaka 1650 mwanzilishi wao, George Fox, alifikishwa mbele ya hakimu huko Derby, Uingereza, akamwambia hakimu atetemeke kwa neno la Bwana, na hakimu akamdhihaki yeye na wenzake kuwa ni watetemekaji. Jina likashika. Basi kanisa lililopewa jina kwa sababu ya kutetemeka ndilo lililowatoa watu nje kwa kutetemeka, baada ya miaka chini ya mia tatu. Nasema hivi bila dharau. Nina jamaa wengi Marafiki, na shule na hospitali walizojenga zimetulea. Nasema kwa sababu sisi Wapentekoste tuko njia moja nao. Wale ndugu wa makanisa ya Roho mnawaona Jumapili asubuhi, kanzu nyeupe, ngoma, bendera, wakitembea kando ya barabara kuelekea ibadani. Mara ngapi tumewapita na gari la kanisa tukacheka? Babu zao walilipia kwa kufukuzwa kile ambacho sisi tunakitangaza kwenye bango lenye rangi nne.

Na walichoanza nacho hakikuwa kelele. Kilikuwa kuungama. Kelele ilikuja nyuma.

Miaka michache baada ya Kaimosi jambo kama hilo likazuka upande mwingine, bila mhubiri mgeni wala hema. Septemba 1929 daktari mmisionari Mwingereza, Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya Gahini huko Rwanda, alikuwa Kampala amechoka na amekata tamaa. Pale Namirembe akakutana na Mganda aitwaye Simeoni Nsibambi. Wawili hao wakakaa na Biblia na kuomba. Kilichofuata katika miaka ya 1930 ndicho watu wanachokiita East African Revival. Waliookoka wakaitwa Balokole, ambalo kwa Kiganda ni waliookoka tu, hakuna zaidi.

Ndugu mdogo wa Nsibambi, Blasio Kigozi, alikuwa mwalimu pale Gahini. Yeye hakusema "revival". Alisema Kiganda: "Zukuka." Maana yake, amka. Alikuwa na mzigo juu ya kanisa la Uganda, kwamba limepoa na viongozi wake wanaishi katika dhambi huku wakishiriki meza ya Bwana. Alifika Kampala akiwa na ujumbe huo kwa ajili ya sinodi, akaugua homa, na Januari 1936 akafa akiwa bado kijana. Nimesoma habari hiyo mara tatu wiki hii. Aliyewaita wengine waamke akalala yeye, na neno lake likaendelea kutembea. Kufikia mwisho wa miaka ya 1930 wimbi lile lilikuwa limeingia Kenya, likafika hadi Maseno.

Watu waliokuwako walikumbuka nini? Walikumbuka mambo ambayo hayapendezi kuwekwa kwenye bango. Mtu anarudisha alichoiba kazini. Mtu anakwenda kulipa deni ambalo mwenye duka alikuwa ameshalisahau. Mmisionari mzungu anamwambia Mwafrika, mbele ya watu, kwamba amekuwa na kiburi, na Mwafrika anaungama chuki yake. Mume anamwambia mke ukweli. Kulikuwa na makosa pia, tusidanganyane: wengine waliungama mambo ambayo hayakufaa kusemwa mbele ya watoto, na wengine wakageuka kuwa mahakimu wa ndugu zao. Na kufukuzwa kulikuwako tena. Mwaka 1941, katika chuo cha Bishop Tucker kule Mukono, wanafunzi 26 walitolewa, William Nagenda akiwa mmoja wao. Sehemu ya shida ilikuwa kwamba waliamka kabla ya alfajiri kuomba, na walipoambiwa waache hawakuacha.

Kwa hiyo nikirudi kwa Kukhu na swali lake. Sikuwa na jibu pale uwanjani. Nimelipata kidogo kidogo, na nitalisema hapa kwa sababu nyinyi ndio kanisa, na ninyi mlio mbali mnatuma sadaka mkidhani mambo ni kama picha tunazoweka.

Maombi ya akina mama ya Jumatano yamekufa. Yalikuwa na watu arobaini, leo wanakuja wanne, na Kukhu ni mmoja wao. Mfuko wa kusaidiana wakati wa matanga haujafa lakini hauna uhai: fedha zilikopwa na watu wanaojulikana, viongozi wakiwemo, na hakuna anayeuliza kwa sababu kila mmoja anaogopa ataulizwa yeye. Kutembelea wagonjwa kumekufa. Siku hizi tunatuma ujumbe wa simu wenye picha ya maua.

Na kuna langu. Mzee mmoja wa kanisa, ambaye sitamtaja, alisimama katika mkutano miaka miwili iliyopita akauliza hesabu za ujenzi. Aliuliza kwa adabu. Mimi nilijibu madhabahuni Jumapili iliyofuata, bila kutaja jina, kwa mahubiri juu ya Kora na waliompinga Musa. Kila mtu alijua ni nani. Fedha hazikuwa zimepotea, lakini hesabu hazikuwa zimeandikwa vizuri, na swali lake lilikuwa la haki. Tangu siku hiyo amekuwa akikaa kiti cha nyuma kabisa, anatoa zaka yake, anaondoka kabla ya baraka. Mimi nilikuwa naita hiyo amani.

Juzi Jumanne nilikwenda kwake. Sikupiga simu kwanza, kwa sababu niliogopa atasema yuko safarini. Mke wake alinikaribisha, akaleta chai na ndizi. Mzee alikuja kutoka shambani na matope kwenye viatu, akaketi, hakusema kitu. Nikamwambia nilichokuja kumwambia. Alikaa kimya muda mrefu, na mimi nikafahamu kwamba nilikuwa nimetayarisha maneno ya kuomba msamaha lakini sikuwa nimejitayarisha kunyimwa. Mwishowe alisema, "Pasita, hesabu zenyewe ziko wapi?"

Ziko tayari. Zitasomwa Ijumaa, mapato na matumizi, shilingi kwa shilingi, na yeye ndiye atakayezisoma.

Basi ratiba imebadilika, tafadhali muwaambie wengine. Mhubiri mgeni nimemwomba aje baadaye mwakani, na amekubali kwa upendo. Hatutakuwa na siku saba. Tuna kesha moja, Ijumaa hii, kuanzia saa tatu usiku. Vyombo vya muziki vitakaa kwenye stoo hadi tuvihitaji. Mwenye deni la ule mfuko na aje na alicho nacho, au aje tu aseme. Viongozi tutaanza, na mimi nitatangulia. Walio mbali mnaweza kuomba nasi saa hizo hizo. Kama kuna mtu wa kanisa hili ambaye hamjasemezana naye, simu mnazo.

Bango limekunjwa liko ofisini. Kukhu ameomba apewe akaanikie mahindi, na nimemwambia achukue.

Mchungaji wenu.